Ukikosa Tundu, Usikose Subira



Apitaye Karatu jioni, kando ya barabara kuu iendayo lango la Lodoare, haachi kuziona meza za pool chini ya mapaa ya mabati, zimezungukwa na vijana. Wamo madereva wa watalii, wapishi wa kambi, vibarua wa mashamba ya kahawa ya Oldeani na wachukuzi wa vitunguu vya Mang'ola. Wakati wa masika, wageni wanapopungua na barabara za hifadhi zinapojaa utelezi, wengi wao hukosa kazi, na meza hugeuka baraza lao la mchana kutwa.

Kuhusu vijana kupoteza muda mezani yamekwisha kusemwa mengi. Leo tutazame jambo dogo zaidi ambalo aghalabu hatulitazami: hasira ya mchezaji aliyeharibikiwa.

Kijana amekosa mpira uliokuwa mdomoni mwa tundu. Zamu yake inaporudi, amekosa tena. Anagonga fimbo chini, anailaumu chaki, anailaumu meza kwamba imeinama, anamlaumu aliyesimama nyuma yake kwamba kivuli chake kimemsumbua. Aliyecheka anasukumwa kifuani. Kisha anarudi nyumbani uso umekunjamana, na mtoto aliyemwaga uji ndiye anayelipishwa deni la ule mpira mweusi.

Tuanze na mkono wenyewe. Mchezo huu unataka wepesi. Fimbo hushikwa kwa ulaini, kichwa hutulia, pumzi hutulia, na mpira mweupe husukumwa kwa kipimo. Hasira huyavunja yote hayo kwa pamoja: moyo hupiga mbio, misuli ya mkono hukaza, na mchezaji huinua kichwa kabla fimbo haijamaliza safari yake. Zaidi ya hayo, hupiga kwa nguvu, ilhali tundu linaloupokea mpira wa polepole huutema mpira wa kasi ukigonga kingo zake. Basi kosa la kwanza huzaa hasira, na hasira huzaa kosa la pili. Wahenga walisema hasira hasara. Mezani hasara hiyo huonekana kabla ya dakika kupita.

Lakini hasira hii hutoka wapi? Sehemu yake hutoka mfukoni. Katika meza nyingi za mitaani anayeshindwa ndiye alipiaye mchezo, na mara nyingine huwekwa dau juu yake. Hapo mtu hapotezi mpira tu, bali pia fedha iliyokuwa ya unga na mafuta ya taa. Qur'ani Tukufu, katika Sura ya Al-Maida, imeitaja kamari pamoja na ulevi kuwa njia ya kupandikiza uadui na chuki baina ya watu. Atakaye kuliona hilo kwa macho na asimame karibu na meza yenye dau kwa nusu saa.

Sehemu ya pili hutoka moyoni, nayo ni nzito zaidi. Kijana aliyeshinda siku nzima akisubiri kazi isiyokuja huja mezani akitafuta ushindi mmoja tu wa siku hiyo. Anapoukosa, huhisi kwamba kilichopimwa ni thamani yake, wala si ustadi wa mkono wake. Mzazi anayemkemea bila kulifahamu hilo hukikemea kivuli, akaliacha umbo.

Tunayo mafunzo ya kale juu ya jambo hili. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa na ngamia jike aitwaye Al-Adhbaa, asiyepata kushindwa mbio. Siku moja akaja bedui na ngamia wake kijana, akamshinda. Waislamu wakaona uchungu. Mtume hakumtuhumu bedui wala hakudai mbio zirudiwe. Aliwafahamisha maswahaba wake kwamba ni ada ya Mwenyezi Mungu kutokiinua kitu chochote cha dunia ila hukishusha. Ikiwa kipenzi cha Mtume kilishindwa na maneno yakawa hayo, kijana wa Karatu aliyekosa tundu ana nini cha kuvunja fimbo?

Na Karatu yenyewe ina mfano wake. Filbert Bayi, mzaliwa wa wilaya hiyo, alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974, akimwacha nyuma John Walker wa New Zealand. Mwaka 1975 akaweka rekodi ya dunia ya maili moja, na haikutimia miezi mitatu Walker akaivunja. Mwaka 1976 ulimwengu ukawangoja wawili hao mjini Montreal, lakini Tanzania na nchi nyingi za Afrika zikasusia Michezo ya Olimpiki kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya makaburu. Walker akachukua dhahabu bila Bayi kuwapo uwanjani. Mwaka 1980 huko Moscow, katika mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji, Bayi aliongoza kwa muda mrefu, akapitwa karibu na mwisho na Bronisław Malinowski wa Poland, akapata fedha. Uchungu alioupata anaujua mwenyewe. Tunachokiona sisi ni kwamba hakuupa kisogo mchezo: alikuja kuwa Katibu Mkuu wa Kamati ya Olimpiki Tanzania kwa miaka mingi, na akajenga shule. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na aliyekubali hubakiwa na nguvu za kufanya jingine.

Huenda msomaji akasema kwamba haya ni makuu mno kwa meza ya mtaani. La, si makuu. Wengi wa wachezaji hawa ndio wanaoshika usukani alfajiri. Kutoka Lodoare barabara hupanda kwa kona ndani ya msitu, mara nyingi katika ukungu, mpaka ukingo wa kreta. Kisha gari huteremka takriban mita 600 hadi chini, likiwa na roho za watu ndani. Mkono uliozoeshwa kujibu kila kosa kwa ghadhabu hautabadilika kwa sababu tu umeacha fimbo ukashika usukani. Wala hautabadilika ukifika nyumbani.

Basi afanyeje aliyeharibikiwa? Kwanza, aiweke fimbo chini na akae. Mafundisho ya dini yetu humwelekeza aliyeghadhibika akiwa amesimama aketi, na asipotulia alale. Na mchezo wa zamu humpa nafasi hiyo kila mwenzake anapocheza. Pili, anyamaze: asitoe udhuru wala lawama mpaka pumzi irejee. Tatu, mpira unaofuata aupige polepole kuliko anavyotaka. Nne, aondoe dau. Wote wagawane gharama ya meza sawasawa, mshindi na mshindwa. Tano, adhana au kiza kikimkuta angali na hasira, asiombe mchezo mmoja zaidi wa kulipiza. Mchezo wa kulipiza huchezwa na hasira, na mwenye fimbo huwa mtazamaji tu.

Nasi wazazi tuna sehemu yetu, tena ya mapema. Mtoto hujifunza kushindwa nyumbani, kwenye bao na drafti, kabla hajaiona meza ya pool. Baba anayemwachia mtoto ashinde kila siku humnyima somo. Na baba anayezipangua kete anapoona anashindwa humfundisha somo baya. Acheze kwa haki, ashindwe mbele ya watoto wake, ampe mshindi mkono, kisha ainuke kwenda kuchukua udhu akiwa na uso ule ule aliokuja nao.

Wabillahi tawfiq.