Kodi kwa Dola, Mshahara kwa Franka

Tumechoka kusikia neno hili: mwenye mshahara si maskini. Linasemwa sokoni, linasemwa katika familia, linasemwa hata uwanjani mwa kanisa baada ya Misa. Sisi tunalikataa. Ni uongo, na uongo huo una watu unaowafaidisha.

Tutazame mji wetu wa Lubumbashi. Mwalimu na muuguzi wa serikali hulipwa kwa franka, lakini kodi ya nyumba hudaiwa kwa dola. Mwanzoni mwa mwaka 2022 dola moja ilikuwa franka 2,000 hivi. Mwaka 2024 ilipita 2,800. Kodi ya dola 100, iliyokuwa franka 200,000, ikawa 280,000, na mwenye nyumba hakuongeza hata tofali moja. Tena mahindi mengi tunayokula hutoka Zambia: nchi hiyo ikizuia mahindi yake kutoka, bei ya unga hupanda hapa na bukari hupungua mezani. Jirani tunayemwita tajiri kwa sababu ya shati lake safi, huenda amekopa makala dukani.

Lakini mzigo unaotuhusu zaidi ni garanti. Kijana anayetaka kufunga ndoa huambiwa alete kodi ya miezi sita, minane, hata kumi, kabla ya kulala usiku mmoja ndani ya nyumba. Kwa nyumba ya dola 100, miezi kumi ni dola 1,000. Ataitoa wapi? Ndiyo maana wengine huahirisha sakramenti ya ndoa mwaka hadi mwaka, nasi tunawahukumu kwa kuishi pamoja bila baraka.

Sheria ya Desemba 31, 2015 juu ya upangishaji inasema wazi: kwa nyumba ya kuishi, garanti isipite kodi ya miezi mitatu. Na ni nani anayeivunja? Tusitafute mbali. Wengine ni wakristu wenzetu. Wanaketi viti vya mbele, wanatoa sadaka nono, na jioni wanamfungia mlango mtoto wa parokia yao.

Watatujibu kwamba nyumba ni jasho lao, na kwamba wako wapangaji wanaohama usiku bila kulipa. Ni kweli, wapo. Na mpangaji wa namna hiyo ni mwizi, tusimtetee. Lakini garanti ya miezi mitatu iliwekwa kwa ajili ya hatari hiyo hiyo. Inayozidi hapo haimkingi mwenye nyumba, inamkamua mwenzake.

Wengine watasema Kanisa lishughulike na roho tu. Hao hawajui mafundisho ya Kanisa lao. Mwaka 1891 Papa Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum, alifundisha kwamba mapatano peke yake hayatoshi kuufanya mshahara uwe wa haki: anayekubali kidogo kwa sababu ya shida ameonewa. Tunauliza: je, anayekubali garanti ya miezi kumi kwa kukosa pa kulala, amekubali kwa hiari? Papa Leo XIV, aliyechaguliwa Mei 2025, alieleza kwamba alichagua jina lake hasa kwa sababu ya Papa huyo na waraka huo.

Basi tusiishie kulalamika. Kila kikundi cha vijana kiisome sheria hiyo katika mkutano wake. Yule ambaye wazazi wake wanapangisha nyumba, azungumze nao kwa heshima, lakini azungumze. Jumuiya zetu, ambazo hukusanya pesa haraka kwa ajili ya kilio na karamu, zianzishe mfuko wa kuwakopesha garanti wachumba wanaojiandaa kwa ndoa. Na sisi, siku tutakapokuwa na nyumba zetu wenyewe, tukumbuke miezi mitatu.

Mtume Yakobo anatuonya kwamba ujira uliozuiliwa hulia, na kilio chake humfikia Bwana. Kilio cha mpangaji nacho kinafika huko. Je, sisi tunaopita mlangoni pake kila Dominika tutajifanya hatukusikia?