Minara ya Brussels na simu zetu mifukoni: hatari iko wapi?

Kila baada ya muda hurudi kwenye simu zetu ujumbe ule ule, kwamba mji wa Brussels, yaliko makao ya Umoja wa Ulaya, umepiga marufuku mtandao wa 5G kwa kuwa unaua watu. Ujumbe hutoka Muscat ukafika Dubai, ukapita Unguja na Mombasa, kisha ukaturudia ukiwa umeongezwa chumvi. Vijana huucheka. Wazee wenzangu huuamini. Wazazi wenye mnara wa simu juu ya paa la jirani hubaki na wasiwasi, na wasiwasi wa mzazi si jambo la kuchezewa.

Wasomaji wapenzi, mimi si daktari wala fundi wa mitambo. Nilikuwa karani, na karani hufundishwa kutazama vitu vitatu katika kila waraka: tarehe, tarakimu, na nani aliyetia saini. Basi tuisome habari ya Brussels kwa njia hiyo hiyo.

Tarehe kwanza. Mwezi Machi 2007 bunge la jimbo la Brussels lilipitisha sheria ya kuwakinga wakazi dhidi ya mawimbi ya minara. Kiwango cha juu kiliwekwa volti 3 kwa mita kwa masafa ya megahezi 900, ilhali pendekezo la Ulaya la mwaka 1999 liliruhusu takriban volti 41. Serikali kuu ya Ubelgiji ilipinga mahakamani, ikidai jambo hilo si la jimbo. Januari 2009 Mahakama ya Katiba iliamua kuwa jimbo lina haki, kwa sababu hifadhi ya mazingira ni kazi yake.

Mwaka 2014, ili 4G ipate nafasi, kiwango kilipandishwa hadi volti 6. Julai 2018 serikali ya jimbo ilikubaliana na kampuni za simu kukipandisha hadi volti 14.5 kwa ajili ya 5G. Kisha, mwanzoni mwa masika ya 2019, waziri wa mazingira wa jimbo, Céline Fremault, alisimamisha mpango huo. Hoja yake ilikuwa kwamba antena mpya, ambazo huelekeza mawimbi huku na kule kwa kadiri ya wateja walipo, hazikuwa na njia ya kupimwa kwa mujibu wa sheria iliyokuwepo. Alisema pia, kwa maneno makali, kwamba watu wa Brussels si wanyama wa majaribio. Maneno hayo ndiyo yaliyoruka duniani. Hoja ya kipimo ilibaki nyumbani.

Mwaka 2021 bunge la jimbo liliunda kamati ya wananchi 45 waliopatikana kwa kura ya bahati nasibu pamoja na wabunge 15, ili wajadili 5G iingie kwa masharti gani. Mwaka 2023 sheria ilibadilishwa, kiwango cha nje kikawa takriban volti 14.5, na 5G ikawashwa. Leo Mkongo anayetembea mtaa wa Matongé pale Ixelles, akizungumza Kiswahili na nduguye aliyeko Bukavu, anaweza kuwa anatumia 5G ile ile inayosemwa kuwa imepigwa marufuku.

Sasa tarakimu. Volti kwa mita si sawa na nguvu. Nguvu ya mawimbi hukua kwa kipeo cha pili, hesabu tuliyofundishwa misheni kwa chaki na fimbo. Ukipandisha kutoka 3 hadi 6, nguvu haikuzidi mara mbili bali mara nne. Kutoka 6 hadi 14.5 ni karibu mara sita. Hivyo sheria ya 2007 iliruhusu nguvu iliyo chini ya kipimo cha kimataifa kwa karibu mara 190. Ya leo iko chini kwa karibu mara nane. Anayesema Brussels imelegeza sana anasema kweli. Anayesema Brussels bado ni kali kuliko miji mingi naye anasema kweli.

Kipimo chenyewe cha kimataifa kimetoka wapi? Hutolewa na tume ya wataalamu iitwayo ICNIRP, iliyokiandika mwaka 1998 na kukipitia upya mwaka 2020. Mawimbi ya simu hayana nguvu ya kuvunja chembe za mwili kama eksirei. Athari yake iliyothibitishwa ni joto. Wataalamu walitafuta kiwango ambapo joto huanza kumdhuru kiumbe, kisha kwa mwili mzima wa raia wa kawaida wakakigawa kwa 50. Wanaolalamika wanasema joto lisiwe kipimo pekee. Hilo ni swali la haki, na limefanyiwa utafiti wa miaka mingi.

Tarehe 31 Mei 2011 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, lenye makao Lyon, liliyaweka mawimbi ya redio katika kundi 2B, yaani vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani. Habari hiyo huogopesha mpaka uione orodha yenyewe. Ndani ya kundi hilo imo achari ya mboga ya Kiasia, na utomvu wa jani zima la mshubiri. Kahawa nayo ilikaa humo tangu 1991 hadi ilipoondolewa mwaka 2016, na sidhani kama kuna barza ya Muscat iliyofungwa kwa ajili hiyo. Kundi 2B maana yake ushahidi ni mchache na mlango haujafungwa.

Tangu hapo ushahidi umeongezeka. Mwaka 2018 Marekani ilitangaza majaribio ya panya waliowekwa kwenye mawimbi makali, mwili mzima, kama saa tisa kwa siku kwa miaka miwili. Baadhi ya panya dume walipata uvimbe wa moyo, lakini kwa jumla waliishi zaidi kuliko wenzao wasioguswa na mawimbi. Mwaka 2024 uchambuzi ulioagizwa na Shirika la Afya Duniani haukuona uhusiano kati ya simu na saratani ya ubongo, hata kwa waliotumia simu miaka kumi na zaidi. Mwaka huo huo utafiti wa COSMOS, uliowafuatilia zaidi ya watu 250,000 wa Ulaya, ulifikia jibu la namna hiyo. Na nani aliyetia saini? Hao ni watafiti wanaotaja majina yao na njia walizotumia. Ujumbe wa WhatsApp hauna saini.

Lipo jambo ambalo mjadala wa Brussels uliliacha pembeni, na kwangu ndilo kubwa. Sheria ile yote ilihusu minara. Lakini kwa mtu wa kawaida, sehemu kubwa ya mawimbi yanayomwingia kichwani hutoka kwenye simu iliyo sikioni. Mawimbi hupungua upesi kwa umbali, na mnara uko mita nyingi, simu iko kwenye ngozi. Tena simu hujirekebisha. Mnara ukiwa karibu hunong'ona, mnara ukiwa mbali hupaza sauti. Anayefukuza mnara mtaani ili kuwakinga watoto huenda akazifanya simu za watoto hao zitoe mawimbi makali zaidi.

Serikali kuu ya Ubelgiji iliitazama simu yenyewe. Tangu Machi 2014 ni marufuku nchini humo kuuza simu zilizotengenezwa mahsusi kwa watoto wa chini ya miaka saba, na kila duka lazima lioneshe kiwango cha mawimbi yanayomezwa na mwili kwa kila aina ya simu. Ulaya kiwango hicho kwa kichwa na kiwiliwili kisizidi wati 2 kwa kilo. Septemba 2023 Ufaransa ilisimamisha uuzaji wa iPhone 12 kwa sababu ilipopimwa kama imeshikwa mkononi ilitoa wati 5.74 pale panaporuhusiwa 4. Apple ikarekebisha programu. Huo ndio usimamizi ninaouona wa maana: kupima, kutangaza, kusahihisha.

Sisi wa Ghuba tulikuwa miongoni mwa wa mwanzo duniani kuona 5G, Qatar na Imarati zikiitangaza tangu 2018. Hatukuwa na mjadala wa miaka kumi kama wa Brussels. Basi tuuone faida yake, tusibebe uvumi wake. Haki ya kuuliza mnara wa mtaani kwetu umepimwa lini na kwa kiasi gani ni haki nzuri kwa kila mkazi. Kuchoma minara, kama walivyofanya watu Uingereza na Uholanzi mwaka 2020 wakidai inaleta korona, ni ujinga uliowakatia wagonjwa simu.

Tahadhari kabla ya athari, walisema wahenga, na hapa tahadhari haina gharama. Mazungumzo marefu tumia spika au waya wa masikioni. Penye mtandao hafifu, kama ndani ya lifti, fupisha maneno. Mtoto asilale na simu chini ya mto, na hasa kwa ajili ya usingizi wake. Lakini hatari ya simu iliyo wazi kabisa haimo katika mawimbi. Shirika la Afya Duniani linasema dereva anayetumia simu ana uwezekano wa kupata ajali karibu mara nne zaidi ya asiyeitumia. Mtu akiogopa mnara wa jirani huku akiandika ujumbe kwenye barabara ya Muscat kwenda Sohar kwa kilomita 120 kwa saa, ameshika hesabu upande usiofaa. Aanze na hiyo simu iliyo mkononi mwake.