Kusikiliza nako ni kazi ya kusomea

Mficha maradhi, kifo humfichua. Lakini je, asiyeficha atamwambia nani?

Mnamo Desemba 4, 2021, basi lililowabeba wanakwaya kwenda arusini lilisombwa na Mto Enziu huko Mwingi, Kitui. Zaidi ya watu 30 walikufa maji. Msiba wa namna hii ukitokea, washauri nasaha huja, hukaa na wafiwa siku kadhaa, kisha hurudi mjini. Majonzi hayaondoki na gari lao. Mwaka wa pili au wa tatu ndipo mzazi huanza kukosa usingizi, kuumwa na kichwa kisichosikia dawa, na kugombana na kila mtu nyumbani. Huzunguka zahanati hii na ile akipewa vidonge vya maumivu.

Mtu kama huyu huenda akahitaji tiba ya mazungumzo ya muda mrefu, ile ambayo wataalamu huiita saikodainamiki. Chanzo chake ni kazi ya Sigmund Freud mjini Vienna, zaidi ya miaka 100 iliyopita. Mgonjwa hukutana na mtabibu yule yule, saa ile ile, mara moja au mbili kwa wiki, kwa mwaka mmoja au zaidi. Aliyeachwa na baba angali mdogo huweza kumwona kila mtu kuwa ni wa kumwacha, hata mtabibu. Jambo hilo likijitokeza chumbani, ndipo linapoweza kuzungumzwa na kueleweka. Haya hayawezekani kwa ziara mbili tatu.

Mafunzo yake nayo ni marefu, aghalabu miaka minne au zaidi, na yana nguzo tatu. Mwanafunzi husoma nadharia. Huwatibu wagonjwa chini ya msimamizi. Na yeye mwenyewe hutibiwa, ili ayajue makovu yake kabla ya kugusa ya wenzake.

Anayeidharau nguzo hii ya tatu na aitazame historia yetu. Dkt. J.C. Carothers alisimamia hospitali ya Mathari kuanzia 1938 hadi 1950. Alipopewa kazi hiyo hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Mnamo 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kilichofananisha akili ya Mwafrika na ya Mzungu aliyekatwa sehemu ya ubongo. Alikuwa ameishi na wagonjwa wetu miaka mingi, akasikia alichokuja nacho tu.

Makueni imepiga hatua ya kusifiwa. Shirika la Africa Mental Health Foundation, lililoanzishwa na Profesa David Ndetei, lilifunza huko wauguzi, wahudumu wa afya vijijini, waganga wa kienyeji na viongozi wa dini kutambua maradhi ya akili na kusaidia wagonjwa, kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani.

Kuna watakaosema hayo yanatosha. Wana hoja. Utafiti uliofanywa katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai nchini Uganda, na kuchapishwa 2003, ulionyesha kwamba vikundi vya mazungumzo vilivyokutana kila wiki kwa wiki 16 vilipunguza sana huzuni kuu. Tiba fupi huwafaa wengi, na ndiyo ianze. Lakini wapo wanaopata nafuu kisha wakarudi pale pale. Hao wapelekwe wapi? Tena, yule muuguzi anayesikiliza habari za ubakaji na kujiua mchana kutwa, yeye naye atamwambia nani?

Ndiyo maana sisemi kila zahanati iwe na mtaalamu wa aina hii. Wawili au watatu kwa kila kaunti wangetosha kuanzia: watibu wagonjwa wachache walio wagumu, na siku zilizobaki wawasimamie wale waliopata mafunzo mafupi. Afya iko mikononi mwa kaunti tangu 2013. Kitui na Makueni zingeweza kuwalipia karo wauguzi au maafisa wa kliniki wachache kwa sharti kwamba warudi kufanya kazi nyumbani. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, kilichoko Kitui, kingeweza kutoa madarasa. Na wanaosomeshwa wawe wanaozungumza Kikamba, kwa maana mtu haombolezi kwa lugha ya kuazima.

Gharama ipo, na kaunti hizi zina ukame na uhaba wa dawa. Hata hivyo karo ya watu wachache si mzigo wa kuishinda bajeti ya afya. Kigumu zaidi ni muda: mkubwa wa hospitali akubali kwamba muuguzi aliyefunga mlango akiwa na mgonjwa mmoja kwa saa nzima yuko kazini.

Msomaji uliye Nairobi au Mombasa, na nyumbani kwenu ni Wote, Kibwezi, Mutomo au Mwingi, muulize mwakilishi wadi wako jambo moja: katika bajeti ya afya, ni shilingi ngapi zimetengewa kufunza watu wa kusikiliza?