Shahada ya Uhandisi Mitambo na Hesabu Tusiyowafundisha Vijana

Majuma mawili yaliyopita alikuja ofisini kwangu kijana mwenye stashahada ya uhandisi mitambo. Hakuwa mwanafunzi wangu. Alielekezwa kwangu na binamu yake niliyemfundisha zamani. Ni fundi sanifu katika kiwanda cha vinywaji, anahudumia boila, pampu na mikanda inayosafirisha chupa. Analipwa shilingi 450,000 kwa mwezi kwa mkataba unaohuishwa kila mwaka. Mkononi alikuwa na barua ya kudahiliwa shahada ya kwanza ya uhandisi mitambo, miaka minne, na alitarajia kuisomea kwa mkopo. Aliniamkia, akaketi, akauliza bila kuzunguka: “Dokta, niache kazi nikasome, au nibaki?”

Nakiri kwamba jibu la haraka lilinijia mdomoni: nenda kasome. Sisi wahadhiri hulitoa jibu hilo kama imamu anavyoitikia salamu. Lakini mimi ni mtu mwenye maslahi katika jambo hili. Wanafunzi wakipungua, idara yangu hupungua. Mwenye duka hapaswi kuwa mshauri pekee wa mnunuzi. Kwa hiyo nilichukua karatasi, tukapiga hesabu pamoja.

Tulianza na mkopo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na marekebisho ya mwaka 2016 yalipandisha makato ya mnufaika aliyeajiriwa kutoka asilimia 8 hadi asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Nayakumbuka vizuri, kwa kuwa nami nilikuwa mdaiwa, na hati yangu ya mshahara ilibadilika sura ghafla. Tukakadiria kwamba kijana huyu atakopa shilingi 14,000,000 kwa miaka minne: 5,000,000 za ada na 9,000,000 za kujikimu. Tukakadiria pia kwamba atakapoajiriwa kama mhandisi mhitimu, mshahara wake wa msingi utakuwa 800,000. Asilimia 15 yake ni 120,000 kwa mwezi. Deni litakwisha baada ya miezi 117, yaani karibu miaka kumi.

Hapo tumshukuru aliyeondoa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo mwaka 2021. Kwa deni la milioni 14, tozo hiyo peke yake ingekuwa 840,000 kwa mwaka, au 70,000 kwa mwezi mwanzoni. Katika kila 120,000 aliyokatwa, ni 50,000 tu ambazo zingepunguza deni lenyewe. Waliolipa kwa miaka kadhaa wakaona deni halishuki hawakuwa wavivu wa hesabu. Hesabu yenyewe ndiyo iliyokuwa dhidi yao.

Kisha tukaangalia fedha ya kupokea mkononi. Leo, baada ya mchango wa hifadhi ya jamii wa asilimia 10 na kodi ya mapato, anabakiwa na takriban 394,000. Kesho, kwa mshahara wa 800,000, atatoa 80,000 za hifadhi ya jamii, 60,000 za kodi na 120,000 za mkopo, abakiwe na 540,000. Tofauti ni kama 146,000 kwa mwezi. Si haba, lakini si ule utajiri ambao mtaa mzima huuona pindi kijana anapovaa joho.

Tukageukia gharama ambayo haiandikwi katika fomu yoyote ya mkopo: mshahara anaouacha. Kwa miezi 48 ya masomo atakosa karibu shilingi milioni 18.9. Tukitoa zile milioni 9 za kujikimu, pengo ni milioni 9.9. Kwa nyongeza ya 146,000 kwa mwezi, pengo hilo litazibika baada ya miezi 68 kazini. Miaka mitano na miezi minane. Kwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, huo ni uwekezaji wenye akili, maana baada ya deni kwisha tofauti inapanda hadi 266,000 kwa mwezi, na maisha ya kazi bado ni marefu.

Kijana akatabasamu. Nikamwomba asubiri kidogo, kwani tulikuwa tumedhani kwamba ataajiriwa siku inayofuata mahafali. Tukaongeza miaka miwili ya kutafuta kazi. Hapo hukosa milioni 9.5 nyingine, pengo linakaribia milioni 19.4, na muda wa kulizibia unapanda kutoka miezi 68 hadi zaidi ya miaka kumi kazini. Mkopo haukuongezeka hata senti. Kilichobadilika ni kusubiri tu.

Hili ndilo jambo ninalotaka wasomaji wangu, hasa walio katika utumishi wa umma, walitafakari. Mjadala wetu wa elimu ya juu umejikita kwenye deni, na wahenga walikwisha kutuonya kuwa kukopa harusi, kulipa matanga. Lakini kwa mwanafunzi wa fani kama uhandisi mitambo, mzigo mzito zaidi unaweza kuwa ile miaka inayopita kati ya cheti na ajira ya kwanza. Na shahada peke yake haimfanyi mtu awe mhandisi. Ni lazima asajiliwe na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na kabla ya kufikia hadhi ya mhandisi mtaalamu anahitaji uzoefu chini ya usimamizi. Mpango wa mafunzo kwa vitendo wa Bodi hiyo, ulioanza mwaka 2003, huchukua miaka mitatu. Asiyepata mahali pa kufanyia mazoezi hayo hukwama mlangoni, deni likiwa begani.

Simaanishi kwamba mtoto wa maskini aridhike na stashahada. Ushauri huo hutolewa zaidi na watu ambao watoto wao tayari wako chuo kikuu. Katika utumishi wa umma, fundi sanifu na mhandisi wana miundo tofauti ya vyeo, na ngazi ya kwanza hufika mwisho mapema. Kijana wangu aliniambia kwamba mara tatu amemfundisha kazi mhandisi mgeni ambaye baadaye akawa mkuu wake. Hilo nalo lina bei, ingawa haliingii kwenye karatasi yetu.

Ninachodai ni mambo matatu. Kwanza, kila chuo, pamoja na hiki kinachonilipa, kichapishe kwa kila programu idadi ya wahitimu, wangapi walipata kazi ya fani yao ndani ya miaka miwili, na kwa kipato gani. Anayekopesha shilingi milioni 14 na anayezikopa wote wana haki ya kujua. Pili, kiwango cha chini cha marejesho cha 100,000 kwa mwezi kwa aliyejiajiri kitazamwe upya. Mhitimu aliyefungua karakana ya kuchomea na kukereza vyuma, akapata faida ya 300,000 kwa mwezi, anatoa theluthi moja ya kipato chake, ilhali mwajiriwa anatoa asilimia 15. Kisha tunapanda majukwaani kumhimiza ajiajiri! Tatu, mafundi sanifu walio kazini wawekewe njia ya kusoma jioni au kwa likizo ya masomo, ili wasilazimike kuchoma daraja la nyuma ndipo wavuke la mbele. Serikali ilipoanza kuwakopesha wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele mwaka 2023, ilikiri kwamba ngazi hii ina thamani. Iendelee kuwafikiria baada ya stashahada.

Sikumwambia kijana aende wala abaki. Nilimwambia arudi kiwandani na maswali mawili: Je, mwajiri wake atakubali kumpokea wakati wa likizo ndefu kwa mafunzo kwa vitendo? Na je, kiwanda kina nafasi ya mhandisi mhitimu katika miaka minne ijayo? Akipata “ndiyo” kwa yote mawili, akope bila woga. Akipata “hapana”, bado anaweza kwenda, ila aende akijua ukubwa wa dau lake.

Aliikunja karatasi mara nne, akaitia mfuko wa shati. Alipofika mlangoni akageuka: “Dokta, mbona hesabu hii hatukufundishwa shule?” Sikuwa na jibu. Ndiyo maana nimeandika makala haya.