Gitaa Kuukuu Halisomwi Kichwani

Kuna kasumba moja iliyowaingia wapenzi wa muziki mijini mwetu, nayo ni kuamini kwamba gitaa la umeme likishakuwa kuukuu basi ni lulu, na likiwa na neno Fender au Gibson kichwani basi bei yake haina mjadala. Kasumba hiyo yawatajirisha wachuuzi na kuwafilisi vijana. Kijana wa bendi hujinyima mwaka mzima, kisha huenda kununua jina. Upande wa pili, mjane wa mpiga solo wa zamani huliuza kwa bei ya sufuria gitaa lililowalea watoto wake, kwa kuwa kichwani limeandikwa jina la Kijapani ambalo jirani zake hawajapata kulisikia. Wote wawili wamepunjika, na dawa yake ni bisibisi na dakika kumi za subira.

Tuanze na hilo jina. Leo Fender, wa mji wa Fullerton huko California, alikuwa fundi wa redio wala hakujua kupiga gitaa. Labda ndiyo sababu alilitengeneza gitaa lake kama kitu cha kufunguliwa na kufungwa: shingo imeshikwa na skrubu, na nyaya zote zapatikana chini ya kifuniko. Telecaster, ambayo mwanzoni iliitwa Broadcaster, ilitoka 1950, na Stratocaster ikafuata 1954. Uzuri huo wa kurahisisha matengenezo ndio uliofungua mlango wa udanganyifu. Shingo ya 1962 yaweza kufungwa kwenye mwili wa 1974, na ndani mna nyaya za mwaka jana. Nembo ya kichwani ni ya kubandikwa tu, na mwenye mkono mwepesi aweza kuibandika juu ya mti wowote.

Hata ile nambari iliyopigwa kwenye bamba la chuma nyuma ya shingo haishuhudii ila bamba lenyewe. Kuanzia 1976 Fender waliihamishia nambari kichwani, herufi S ikisimamia miaka ya sabini na E miaka ya themanini. Hivyo S8 ni 1978, na E1 ni 1981. Lakini hapo nako shingo yajisemea yenyewe, haisemei mwili.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, lifungue. Kile kidude unachokizungusha kuongezea sauti kina tarakimu zilizochorwa kwenye kopo lake. Katika magitaa ya Kimarekani, 137 ni kiwanda cha CTS na 304 ni Stackpole; zinazofuata ni mwaka na wiki. Ukiona 1376632, kidude hicho kilitoka CTS wiki ya 32 ya 1966. Usirukie hapo kusema gitaa ni la 1966, maana Fender walinunua shehena kubwa ya vidude hivyo mwaka huo na wakaendelea kuvitumia miaka iliyofuata. Unachokijua kwa hakika ni kwamba, kama kidude ni cha asili, gitaa haliwezi kuwa la 1963 kama muuzaji anavyoapa. Kisha tazama lehemu. Fundi yeyote wa redio wa Luthuli Avenue atakuambia kwa kutupa jicho kama ilishawahi kuyeyushwa tena. Nashangaa kwamba vijana hawaendi na mafundi hao wanapokwenda kununua gitaa.

Hayo ni ya umri. Ubora ni neno lingine kabisa, na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosujudia ukale. Kampuni ya Fender iliuzwa kwa CBS mapema 1965 kwa dola milioni 13, na wapigaji wengi wamekuwa wakilalamika kwamba kazi ililegea baada ya hapo. Tangu 1971 hadi 1981 shingo ya Stratocaster ilishikwa na skrubu tatu badala ya nne, na pale penye kazi ya haraka shingo hiyo yaweza kuhama ukiisukuma kidogo. Mengine ya miaka hiyo ni mazito ya kumchosha mtu anayesimama jukwaani mpaka alfajiri. Leo yanauzwa bei ya juu kwa sababu tu yamezeeka.

Wakati huohuo, katika mji wa Matsumoto huko Japani, viwanda vya Fujigen na Matsumoku vilikuwa vikijifunza kwa bidii. Sikatai kwamba kazi za Kijapani za miaka ya sitini zilikuwa na nyingi za ovyo: miili ya plaiwudi, shingo nene kama mpini wa jembe, na swichi nyingi zisizo na faida. Lakini kufikia 1977 nakala zao zilikuwa zimewatia Wamarekani hofu hata kampuni mama ya Gibson ikawashtaki waagizaji wa Ibanez kwa kuiga umbo la kichwa. Mwaka 1982 Fender wenyewe wakaanza kutengenezewa magitaa Japani. Mtu hamkimbilii mwenzake kumpa kazi ikiwa mwenzake hajui kazi. Ibanez za Fujigen za wakati huo zasomeka kwa urahisi: herufi ya kwanza ni mwezi, na tarakimu mbili zinazofuata ni mwaka. F78 ni Juni 1978. Mjane wetu angelijua hilo, asingelikubali bei ya sufuria.

Gibson yataka neno moja tu. Ukiletewa Les Paul yenye shingo ya skrubu, na muuzaji aapa ni ya miaka ya hamsini, muage kwa heshima. Ya asili hugundishwa kwa gundi. Na ipitishe kidole nyuma ya shingo karibu na kichwa, maana hapo ndipo huvunjika, na rangi mpya mahali hapo huficha mengi.

Basi ubora hupimwaje? Kwa jicho na sikio. Lilenge gitaa kutoka kwenye daraja kuelekea kichwani kama seremala anavyolenga ubao, uone kama shingo imepinda au kujisokota. Piga uzi ukiwa wazi, kisha uubane freti ya 12, ambapo urefu wake hukatika nusu. Sauti mbili hizo zisipopatana na daraja halirekebishiki, gitaa hilo halitakubaliana na wenzake katika bendi. Mpiga benga alisikilize hasa huko juu, freti za mwisho, ambako solo ya benga huishi ikishindana na nyatiti iliyoizaa. Gitaa linalokoroma huko halimfai, hata liwe limetoka mikononi mwa Leo Fender mwenyewe.

Lipo jambo linaloniudhi zaidi ya ulaghai, nalo ni ukarabati. Magitaa yaliyopiga muziki wetu wa miaka ya sitini na sabini yanapakwa rangi ya gari ili yang'ae dirishani, na pikapu zake za asili zinatupwa kwa sababu zilikuwa kimya, pengine kwa waya mmoja tu uliokatika. Rangi ya asili iliyochubuka ina thamani kuliko mng'aro huo, na ni ushahidi ambao haurudi. Kama sharti libadilishwe kitu, fundi amrudishie mwenye gitaa kila skrubu na kila kidude alichokitoa, vyote vitiwe katika bahasha na kuwekwa ndani ya sanduku la gitaa, na mwaka wa matengenezo uandikwe juu ya bahasha kwa kalamu ya wino.