Mzazi, usibadili sheria karata zikiwa mkononi

Likizo ya Juni ikifika, karata hazikosekani vijiweni Ngara na Biharamulo. Vijana huzicheza chini ya mwembe na kwenye kijiwe cha bodaboda. Madereva wa malori wanaosubiri kuvuka mpaka Rusumo, au waliopumzika Nyakanazi na Lusahunga, nao husogeza muda kwa mchezo huo. Watoto husimama pembeni wakitazama, kisha nao huanza.

Kwenye nyumba nyingi hapo ndipo ugomvi unapozaliwa. Baba anatoka shambani, anamkuta kijana wake ameshika karata wakati mbuzi wako kwenye maharage ya jirani. Anaikusanya pakiti na kuitupa jikoni motoni. Wiki haijaisha, mtoto anacheza tena, safari hii mbali na macho ya wazazi, pengine na watu wazima, pengine kwa fedha.

Mzazi ana haki ya kuweka mipaka. Ila kuna maswali matatu ya kujiuliza kabla ya kupiga marufuku: kinachofungiwa ni nini hasa, kwa sababu gani, na kinatangazwa lini? Maswali hayo ndiyo wanayokumbana nayo waandaaji wa mashindano ya kadi duniani, na wamekuwa wakiyajibu kwa zaidi ya miaka 30. Walipofanya vizuri mchezo uliendelea kupendwa. Walipokosea, watu wazima walitukanana na kutishiana kama watoto.

Mchezo mmoja, sheria nyingi

Tuanzie nyumbani. Watoto wengi huanza na lasti kadi, mchezo wa kumaliza karata za mkononi kwa kufuata namba au aina ya karata iliyo juu. Zipo karata za adhabu, kama ile ya 2 inayomlazimisha anayefuata kuokota mbili. Zipo za kumruka mwenzako na za kubadili aina.

Tatizo ni kwamba sheria za mchezo huu hazijaandikwa popote. Kila kijiwe kina zake. Ukivuka kwenda Uganda utakuta ndugu wa mchezo huo anayeitwa matatu, ambako karata ya 7 ya aina iliyochaguliwa inaweza kukata mchezo na watu wakahesabu pointi papo hapo. Kenya kuna poka, ambako mchezaji anayekaribia kumaliza hutakiwa kutangaza kwamba "niko kadi", la sivyo ushindi wake haukubaliki. Kwenye wilaya zilizopakana na Rwanda na Burundi, na zinazopitiwa na malori ya nchi kadhaa, mtoto anaweza kujifunza sheria tatu tofauti ndani ya mwezi mmoja.

Kuondoa baadhi ya karata nalo ni jambo la zamani. Majina ya kopa, uru, pau na shupaza yametoka kwa Wareno, na kwenye michezo yao mingi karata za 8, 9 na 10 huwekwa kando kabisa. Hakuna anayelalamika, kwa sababu kila anayekaa mkekani anajua hivyo kabla karata hazijagawiwa.

Hilo ndilo la kushika. Ugomvi wa watoto kwenye karata mara nyingi hauletwi na sheria ngumu. Unaletwa na sheria inayozaliwa katikati ya mchezo. Mtoto ametunza jokeri yake mizunguko mitano, anaishusha, mkubwa wake anasema, "Hapa jokeri haichezwi." Kuanzia hapo mchezo umekwisha na kilichobaki ni kilio au ngumi.

Kadi zenye orodha ya marufuku

Mwaka 1993 Marekani ulianza mchezo wa kadi unaoitwa Magic: The Gathering, uliobuniwa na mwanahisabati Richard Garfield. Tofauti na karata zetu za 52, hapa kila mchezaji hununua kadi, hukusanya, hubadilishana na wenzake, kisha hujipangia pakiti yake mwenyewe ya kushindania. Pokémon ilifuata Japani mwaka 1996, kisha Yu-Gi-Oh! mwaka 1999. Leo michezo hiyo ina mashindano ya dunia, na baadhi inachezwa kwenye simu, ikiwemo simu ya mzazi iliyoachwa mezani.

Kwa kuwa kadi mpya hutolewa kila mwaka, hutokea moja ikawa na nguvu kupita kiasi. Asiyekuwa nayo hashindi, na wenye nayo wanacheza mchezo wa aina moja. Hapo waandaaji hutoa orodha. Kwenye Yu-Gi-Oh! kadi ya kawaida huruhusiwa hadi 3 kwenye pakiti moja, nyingine hupunguzwa hadi 2, nyingine 1, na nyingine hufungiwa kabisa. Yaani kati ya ruhusa na marufuku kuna ngazi.

Njia nyingine ni kubadili mfumo wa mashindano. Tangu mwaka 1995 Magic ina mfumo unaoruhusu kadi za miaka ya karibuni tu, za zamani zikistaafishwa. Mfumo huo humsaidia anayeanza leo, kwa sababu hahitaji kufukuzia kadi za miaka 20 iliyopita. Lakini unamuumiza aliyetumia fedha zake mwaka juzi. Mwaka 2023 kampuni ya Wizards of the Coast, inayomiliki mchezo huo, iliongeza muda wa kadi kukaa kwenye mfumo huo kutoka miaka miwili hadi mitatu, ili wachezaji wakae na kadi zao kwa muda mrefu zaidi.

Marufuku mbili, matokeo mawili

Mwaka 2011 kampuni hiyo ilifungia kadi mbili zilizokuwa zimetawala mashindano. Moja kati yake ilikuwa ndani ya pakiti iliyouzwa madukani ikiwa tayari imepangwa, ya kumwezesha mtu kuanza kucheza. Waandaaji wakaweka msamaha: anayecheza na pakiti hiyo kama ilivyotoka dukani, bila kuongeza wala kupunguza kitu, aendelee kuitumia. Kijana aliyenunuliwa zawadi na shangazi yake hakuadhibiwa kwa kosa la mabingwa.

Miaka 13 baadaye mambo yalikwenda kombo. Septemba 23, 2024, kamati ya watu wa kujitolea iliyosimamia mfumo mmoja maarufu wa Magic, uitwao Commander, ilifungia kadi nne kwa mkupuo. Baadhi zilikuwa zikiuzwa zaidi ya dola 100 moja. Thamani yake iliporomoka ndani ya muda mfupi. Wachezaji wengi walilalamika kwamba hawakupewa ishara mapema, na wapo waliovuka mpaka wakawatishia wanakamati. Wiki moja tu baadaye, Septemba 30, kamati ilikabidhi usimamizi kwa kampuni.

Wapo wanaoamini hadi leo kwamba uamuzi wa kamati ulikuwa na sababu za msingi, kwani kadi hizo ziliharakisha mchezo mno na kuwaacha wengine wakitazama. Vitisho havina utetezi hata kidogo. Lakini mzazi anaweza kujifunza jambo: marufuku yenye sababu nzuri, ikija bila maandalizi, inaweza kuzaa hasira inayozidi faida yake.

Kadi ya kwanza kuondoka ilikuwa dau

Kuna marufuku moja ambayo haikuzua mjadala mrefu, na ndiyo inayowahusu zaidi wazazi. Katika sheria za mwanzo za Magic, kila mchezaji aliweka kadi yake moja kama dau, na mshindi aliichukua. Kadi zote zilizohusu dau zilifungiwa kwenye mashindano, na baadaye kampuni ikaacha kuchapisha nyingine. Mchezo haukufa. Ulikua.

Nchi nazo zimeingilia kati. Mwaka 2001 Saudi Arabia ilipiga marufuku Pokémon, moja ya hoja ikiwa kwamba inahimiza kamari. Mwaka 2018 Ubelgiji ilizuia michezo ya kompyuta na simu inayomtaka mchezaji alipie visanduku vya bahati asivyojua ndani yake kuna nini.

Tanzania ina Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, na mwenye umri chini ya miaka 18 haruhusiwi kushiriki michezo hiyo. Kwa hiyo mtoto anayewekeana shilingi 200 na wenzake kwenye lasti kadi ameanza kuzoea jambo ambalo sheria inamkataza. Hatari huongezeka msimu wa kuvuna kahawa, fedha zinapoonekana nyumbani na kijana amelipwa chochote kwa kuchuma. Na wale wa karata tatu kwenye minada na stendi wanajua msimu huo kuliko mtu yeyote.

Ubongo wa mtoto na dau

Sehemu ya ubongo inayomsaidia mtu kujizuia na kupima madhara huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Ndiyo maana kijana wa miaka 14 aliyepoteza shilingi 500 huona njia pekee ni kuweka 1,000 ili airudishe. Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa kamari, na ule wa michezo ya kompyuta na simu, kwenye orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022.

Lakini mchezo wenyewe una faida. Mwaka 2018 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitoa ripoti kikisisitiza kuwa mchezo hujenga uwezo wa mtoto kupanga, kujidhibiti na kuelewana na wengine. Karata zinamfundisha kuhesabu, kukumbuka, kusubiri zamu na kushindwa bila kupasua kikombe. Ukichoma pakiti nzima kwa sababu ya dau, umechoma na hayo.

Nyumbani ufanye nini?

Kwanza, fungia kinachodhuru. Kama shida ni fedha, piga marufuku dau la aina yoyote: shilingi, peremende, daftari, hata adhabu ya kumdhalilisha aliyeshindwa. Kama shida ni muda, weka saa. Kama shida ni kijiwe, mchezo uhamie uani.

Pili, tangaza kabla. Sema Ijumaa jioni sheria itakayoanza Jumatatu. Usiisubiri siku umekasirika, kwa maana mtoto atajifunza kuogopa hasira yako badala ya kuelewa sheria.

Tatu, toa sababu ambayo mtoto anaweza kuirudia kwa maneno yake. "Karata ni za wahuni" haimfundishi kitu, hasa akimwona mjomba wake anacheza kila Jumapili.

Nne, tumia ngazi. Kama wale wa Yu-Gi-Oh!, punguza kabla ya kufuta. Kutoka kila siku hadi siku tatu kwa wiki, kutoka saa mbili hadi saa moja. Marufuku kamili ibaki kwa jambo lisilo na mjadala, kama fedha.

Tano, sheria iwashike wote. Kaka mkubwa akiruhusiwa kuweka dau uani na mdogo akachapwa kwa hilo hilo, hapo hakuna sheria.

Sita, waachie watoto sehemu yao. Kabla ya kugawa, waambie wakubaliane: jokeri inachezwa au haichezwi? Mbili juu ya mbili inaruhusiwa? Waandike kwenye karatasi waibandike ukutani. Mtoto wa miaka 10 aliyeshiriki kuweka sheria huilinda kwa wivu kuliko mzazi wake.

Saba, kagua simu. Angalia kama mchezo uliopakuliwa unaomba malipo ili kufungua pakiti za kadi. Namba ya siri ya kutolea fedha isijulikane na mtoto, hata yule unayemtuma kwa wakala kila siku.

Dalili za kutazama

Mzazi aanze kuchunguza akiona mtoto anaficha anakokwenda, anapungukiwa vifaa vya shule bila maelezo, anaazima fedha, anauza nguo au kuku wa nyumbani, au anakasirika kupita kawaida akizuiwa kutoka. Dalili moja haitoshi kumhukumu. Zikikutana mbili au tatu, kaeni naye akiwa ametulia, muulize kabla ya kumtuhumu.

Ikizidi uwezo wa familia, zungumza na mwalimu wake, mtoa huduma wa kituo cha afya kilicho karibu au ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Simu ya huduma kwa mtoto, namba 116, hupigwa bure.

Na kama jioni hii kuna karata uani kwako, vuta kigoda ukae. Uliza sheria ni zipi kabla hujagawiwa. Utajua mengi kuhusu anakojifunzia mwanao kwa kusikia tu jibu atakalokupa.