Nyumba Zetu: Rangi ya Kucha Juu ya Zulia

Mwezi huu twapenda kusema na bibi zetu na mabinti zetu juu ya jambo ambalo wengine wataliona dogo, nalo ni rangi ya kucha, ambayo watu wengi huiita Cutex, inapomwagika juu ya zulia. Dogo ni kweli, lakini khasara yake si ndogo, na maneno yanayofuata khasara hiyo nyumbani huwa makubwa zaidi. Twasema hivi kwa kuwa yametufika wenyewe.

Usiku wa kuamkia Idi, binti yetu mdogo alichukua kwa siri kichupa cha dada yake, kikamponyoka, kikamwagika juu ya zulia la sufu tulilorithi kwa marehemu mama yetu. Kwa khofu ya kukemewa, mtoto hakusema neno. Alitandika msala juu ya doa, akaenda kulala. Asubuhi tulipotaka kuuondoa msala, tuliukuta umegandamana na zulia, na vyote viwili vimeharibika.

Hasira zikatupanda. Tukashika chupa ya dawa ya kuondolea rangi, tayari kuimimina yote juu ya doa, na huku chetezo cha udi kinafuka hatua mbili tu kutoka hapo. Jirani yetu, bibi mtu mzima, alikuwa amekuja kutupa mkono wa Idi. Akatuzuia akasema, “Mwanangu, kitoe chetezo nje kwanza. Zulia litangoja.”

Maneno hayo machache yalituokoa. Dawa hiyo mara nyingi ni asetoni, au maji mengine yaliyo jamaa yake, nayo hushika moto upesi mno. Mvuke wake huwaka hata ikiwa dawa yenyewe ni baridi, na kwa kuwa ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini sakafuni, mahali pale pale tuwekapo vyetezo, majiko na mishumaa. Basi sharti la kwanza ni hili: zimeni na toeni kila chenye moto, fungueni madirisha na milango, na watoto wakae mbali, kwani mvuke huo huumiza kichwa na dawa yenyewe ni sumu ikinywewa.

Yafaa pia kujua kwa nini doa hili halisikii maji wala sabuni. Rangi ya kucha hutengenezwa kwa nitroselulosi, yaani nyuzi za pamba au za mti zilizotiwa tindikali, kisha zikayeyushwa katika maji yanayokauka upesi. Yakisha kukauka, hubaki utando mgumu usiopitisha maji. Ndiyo sababu mwenye kupaka rangi hii humlazimu kuiondoa kabla ya kutawadha, maana maji hayaufikii ukucha. Wala haifanani na hina, ambayo huacha rangi tu bila ya utando. Utando huo huyeyushwa na asetoni, si kwa kusuguliwa.

Ikiwa rangi bado ni mbichi, msiisugue, kwani kusugua ni kuisukuma ndani ya nyuzi. Ichoteni kwa kijiko, mkianzia pembeni kwenda katikati, kisha bandikeni kitambaa cheupe na kukigandamiza ili kiinywe iliyobaki. Ikiwa imekauka, ikwangueni polepole kwa kisu butu. Penye zulia lenye manyoya marefu, ncha zilizoshikana zaweza kukatwa kidogo kwa mkasi.

Kisha ijaribuni dawa mahali pasipoonekana, kama vile chini ya kabati. Tieni matone machache katika kitambaa cheupe, kigandamizeni juu ya zulia, mngoje kidogo. Rangi ya zulia ikitoka kitambaani, au nyuzi zikilainika na kunata, acheni. Ziko nyuzi za kutengenezwa ziitwazo asetati, ambazo asetoni huziyeyusha kabisa. Na zulia la hariri ni bora kupelekewa fundi. Sufu, pamba na nailoni kwa kawaida huvumilia, lakini jaribio lisiachwe. Tafuteni pia dawa isiyotiwa rangi wala mafuta, msije mkatoa doa moja mkatia la pili.

Jaribio likifaulu, tieni dawa katika kitambaa, wala msiimimine juu ya zulia. Ikimiminwa hushuka mpaka kwenye gundi au mpira ulio chini, ikauharibu, na doa likatanda. Bandueni na kubandika kitambaa, kila mara kwa upande ulio safi, mkitoka pembeni kwenda katikati. Kazi hii yataka subira. Huenda ikarudiwa mara kumi au ishirini. Rangi isipotoka tena, changanyeni kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji katika vikombe viwili vya maji ya vuguvugu, mpanguse pole pole, kisha mpanguse kwa maji matupu, mlikaushe kwa kitambaa na kwa upepo. Dawa ya kutia nguo weupe isitumiwe kabisa. Huvua rangi ya zulia, na ikichanganyika na asetoni huzaa sumu. Vitambaa vilivyotumika vianikwe nje, mbali na moto.

Wengine huuliza kama zulia lenye doa hilo lafaa kusaliwa. Rangi ya kucha si najisi, na sala haiharibiki kwa doa lake.

Zulia letu halikurudi kama lilivyokuwa. Limebaki na alama ya waridi, ndogo kama sarafu, na msala ule hatukuweza kuuokoa. Lakini kila tuionapo alama hiyo twakumbuka kwamba rangi ilikuwa mbichi saa nzima, nasi tulikuwa chumba cha pili, na kijiko kimoja kingaliitoa karibu yote. Kilichotunyima nafasi hiyo ni khofu ya mtoto, na khofu ile tuliipanda sisi wenyewe kwa makaripio yetu ya kila siku. Tena leo ni rangi. Kesho huenda ikawa ni dawa aliyoimeza, au moto aliouwasha, naye akaona ni afadhali kunyamaza.

Basi enyi mama na baba, mtoto akija na khabari ya kosa lake, mshukuruni kwanza kwa kusema kweli. Kisha mpeni kitambaa, asafishe pamoja nanyi.

Wabillahi tawfiki.